"Krediti 120": mume wangu asema ni deni. Je, ni kweli?

*"Assalaamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Lamu mjini. Nina stashahada ya elimu ya watoto wadogo, na watoto wangu ni watatu. Nataka kusoma shahada bila kuhama, maana baba watoto ni mtu wa baharini na mamangu anaugua. Nimeletewa barua mbili. Ya kwanza ni ya chuo cha ng'ambo. Yasema masomo ni 'asinkroni' isipokuwa kipindi kimoja cha 'sinkroni' kila wiki, yanapitia 'LMS', mtihani unasimamiwa kwa mbali, na shahada ni 'krediti 120'. Mume wangu aliposikia krediti 120 akasema hilo ni deni, tusiingie. Ya pili ilikuja kwa WhatsApp: nikilipa dola 400 nitapewa shahada kwa siku 30, kwa 'uzoefu wa maisha', bila mtihani, na chuo chenyewe kina ithibati ya kimataifa. Jirani yangu naye asema shahada za mtandaoni hazihesabiwi kazini, heri nisome zile MOOC za bila malipo. Nimechanganyikiwa. Haya maneno maana yake nini, na nifuate lipi?"*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Kabla ya yote: ile ya WhatsApp usiijibu. Sababu nitazieleza huko mbele, lakini nisingependa uyasome maelezo yote haya huku kidole kiko kwenye M-Pesa.

Nilivyokuelewa, shida yako si msamiati. Unaogopa kulipia kitu usichokijua, kisha ukabaki na karatasi isiyofunguliwa mlango na mtu. Hofu hiyo ina msingi. Nimekaa miaka mingi nikiwasaidia wanafunzi wa masafa hapa pwani, kuanzia Malindi hadi visiwani, na wengi walioumia hawakuumizwa na ugumu wa masomo. Waliumizwa na neno moja katika barua ya kwanza ambalo hawakuliuliza. Kwa hiyo kila neno liulize: wewe wanidai nini? Kuna linalokudai muda, kuna linalokudai bando, kuna linalokudai nauli ya boti na basi. Na liko moja tu linalokwambia nani ataitambua karatasi yako.

Tuanze na mumeo, maana hakukosea sana. Sisi tukisikia krediti, akili inakwenda kwenye mkopo wa dukani au kwenye kredo ya kuweka kwenye simu. Ya chuo ni kitu kingine. Ni kipimo cha kazi, kama pishi ilivyo kipimo cha nafaka. Krediti haisemi utalipa shilingi ngapi. Yasema kozi hii itakula saa ngapi za maisha yako: kusikiliza, kusoma, kuandika, kujiandaa na mtihani, zote ndani. Ukifaulu, krediti zinaandikwa kwenye kumbukumbu zako za chuo, na zikitimia idadi iliyowekwa unapewa shahada. Ni deni kweli, ila unalilipa kwa saa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kila nchi ina pishi yake. Marekani, shahada ya kwanza huwa ni krediti 120 kwa miaka minne. Katika mfumo wa pamoja wa vyuo vya Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Shahada ya miaka mitatu inafika 180. Uingereza krediti moja ni saa 10, mwaka ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Kwa hiyo 120, 180 na 360 zote zaweza kuwa shahada moja iliyopimwa kwa vibaba tofauti. Sasa ona hatari iliyojificha kwenye barua yako. Hukunitajia nchi ya chuo. Kikiwa cha Marekani, krediti 120 ni shahada nzima. Kikiwa cha Uingereza, krediti 120 ni mwaka wa kwanza tu, na ukikomea hapo unaondoka na cheti cha elimu ya juu, shahada bado iko mbali. Tarakimu ni ile ile, bidhaa ni mbili. Swali lako la kwanza kwao liwe hilo: krediti zenu ni za mfumo gani, na kozi moja ina ngapi?

Tufanye hesabu tuione kwa macho. Tuseme ni za Marekani. Kozi ya kawaida ni krediti 3, na kanuni yao ya miaka mingi ni kwamba kila krediti yataka saa moja ya kipindi na kama saa mbili za kujisomea kwa wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki. Ukichukua kozi mbili, ni saa 18: saa tatu kila siku, siku sita. Wewe una watoto watatu na mama mgonjwa. Saa tatu hizo ni zile za baada ya isha, nyumba ikishalala, au zile za kabla ya alfajiri. Shahada nzima ni kozi 40. Ukienda kwa mbili mbili, mihula mitatu kwa mwaka, utamaliza karibu mwaka wa saba. Sikutishi. Ninakuonesha kile ambacho barua haikukionesha, kwa sababu waliandika "unasoma kwa kasi yako" na kasi yenyewe hawakuipigia hesabu.

Hapo ndipo neno "kuhamisha krediti" linapokuwa na thamani kwako. Una stashahada. Vyuo vingi huweza kuzihesabu baadhi ya kozi ulizokwisha soma ili usizirudie, hasa ukisomea fani ile ile. Kila chuo kina kikomo chake na masharti yake, na hakuna anayelazimika kukupa hata moja. Kwa hiyo usikubali ahadi ya simu. Peleka nakala ya matokeo yako ya stashahada, ile yenye kozi na alama, na uombe jibu la maandishi: mtanisamehe kozi zipi, zitabaki ngapi? Lifanye hilo kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha. Baada ya malipo, hamu ya kukujibu hupungua sana.

Sasa sinkroni na asinkroni. Maneno yametoka mbali lakini jambo lenyewe tunalo hapa. Watu wakiketi barazani wakizungumza, mmoja akichelewa amekosa. Hiyo ndiyo sinkroni, wote kwa wakati mmoja. Ukimpa nahodha barua ampelekee nduguyo Faza, unaandika ukiwa na nafasi, naye anasoma akiwa na nafasi. Hiyo ndiyo asinkroni. Katika chuo, asinkroni ni mhadhara uliorekodiwa, kurasa za kusoma, na mjadala wa maandishi unaouchangia wakati wowote ndani ya wiki. Wengi hufikiri asinkroni maana yake hakuna tarehe. Tarehe zipo, na ni kali. Unachoruhusiwa kuchagua ni saa ya kufanya kazi. Siku ya mwisho huichagui.

Kwa mtu wa kisiwani, neno zito kuliko yote kwenye barua ile ni "kipindi kimoja cha sinkroni kila wiki". Ni kifupi, kinapita haraka machoni, na ndicho kitakachokukosesha usingizi. Chuo kikiwa New York na kipindi kikiwa 18:00 kwao, hapa Lamu ni saa nane usiku, au saa saba usiku katika miezi ambayo wao wamesogeza saa zao mbele. Kazi ya kuwasilishwa saa 23:59 yao, kwetu ni asubuhi ya siku ya pili. Na sisi tuna mtego wa ziada: barua yasema 6, kichwa kilichochoka kinasikia saa sita.

Mtego huu umeninasa mimi mwenyewe. Nilikuwa nasoma kwa masafa chuo kimoja cha Uingereza. Tangu Januari nilikwisha kukariri kwamba sisi tuko mbele yao kwa saa tatu. Mtihani wa Aprili uliandikwa 14:00. Nikaongeza tatu, nikapata saa kumi na moja jioni. Nikaoga, nikawafungia watoto nje ya chumba, nikaweka chai pembeni, nikafungua kompyuta dakika tano kabla. Mtihani ulikuwa umeanza saa kumi. Waingereza husogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi, na kutoka hapo mpaka mwisho wa Oktoba tunawazidi kwa saa mbili tu. Kosa lilikuwa langu. Nikaufanya mtihani wa saa mbili kwa saa moja, nikapita kwa alama za kuombewa dua. Tangu siku ile kila mwanafunzi wangu namwambia aandike saa za masomo kwa Kiswahili, kwa mkono wake, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na aipitie upya ikifika Aprili na Novemba.

Waulize hivi kuhusu kipindi hicho: kinarekodiwa? Kuhudhuria kuna alama? Naweza kuingia kwa sauti tu, bila picha? Swali la mwisho lina uzito wa pesa. Mkutano wa video wa saa moja hula karibu gigabaiti moja, mara nyingine zaidi. Sauti peke yake hula makumi machache ya megabaiti. Zidisha kwa wiki 15, kisha tazama bei ya bando lako.

LMS nayo inatisha kwa herufi tu. Ni mfumo wa kuendeshea masomo: tovuti ya chuo yenye mlango wako na nywila yako, ndani yake mna madaftari, ubao wa matangazo, sanduku la kutilia kazi na kitabu cha alama. Maarufu mmojawapo ni Moodle, uliotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, na kwa kuwa hauuzwi, umeenea sana katika vyuo vyetu. Programu yake ya simu hukuruhusu kupakua masomo ukiwa penye mtandao mzuri, kisha ukayasoma mtandao ukiwa umekatika, ikiwa chuo kimeiruhusu. Ukipata intaneti nzuri mahali fulani mara mbili kwa wiki, waweza kubeba wiki nzima ya masomo kwenye simu kama mtu anayechota maji ya kuweka. Waulize mfumo wao unaruhusu hilo. Kama kila kitu ni video ya kutazama papo hapo, jua bando litakuwa ada ya pili.

Haya mengine niyapitie haraka. "Masafa" ni mwalimu na mwanafunzi kuwa mbalimbali, kwa chombo chochote kile, hata posta. "Mtandaoni" ni masafa yanayopita kwenye intaneti. "Mseto" ni sehemu mtandaoni na sehemu ana kwa ana. Hapo uliza mara ngapi, wapi, na kwa siku ngapi, kwa sababu juma moja la ana kwa ana kwako ni boti mpaka Mokowe, basi, malazi, na mtu wa kukaa na mama. "Huria" watu huichanganya na bure. Huria ni mlango: chuo kinalegeza masharti ya kuingia, au ya wapi na lini usome. Ada inalipwa na mitihani ni mitihani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na sisi tumepata Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2023, makao yake Konza, na masomo yake ni ya mtandaoni.

Jirani yako asema shahada za namna hii hazihesabiwi. Ana sababu ya kusema hivyo, maana matapeli wamezichafua, lakini kwa jumla amekosea. Isaac Pitman alifundisha hati mkato kwa posta huko Uingereza tangu 1840. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiokaa chuoni mwaka 1858. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kusomesha shahada ya ualimu kwa masafa mwaka 1986, wakati barua ndiyo iliyokuwa intaneti yetu. Nelson Mandela alimaliza shahada yake ya sheria kupitia UNISA, chuo kikuu cha masafa cha Afrika Kusini, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Mwajiri anayejua kazi yake hutazama kwanza nani aliyetoa shahada.

Kuhusu zile MOOC: ni kozi kubwa za wazi mtandaoni, mwalimu mmoja kwa maelfu ya watu. Zilivuma mwaka 2012, mwaka zilipoanza tovuti za Coursera na edX. Ni nzuri, na ningependa usome moja kabla hujalipa senti popote, upime kama kweli unaweza kukaa mbele ya simu kwa muda wa saa tatu, usiku, mtoto akilia chumba cha pili. Lakini cheti cha kukamilisha kozi si shahada, hata ukivikusanya ishirini. Na lile "bila malipo" mara nyingi ni la kusoma tu. Cheti chenyewe utakilipia.

Mtihani unaosimamiwa kwa mbali ni jambo la kulitazama kwa makini, hasa kwa mwanamke wa Lamu. Unaingia chumbani peke yako, unafunga mlango, unawasha kamera. Programu, au mtu aliye upande wa pili, anatazama uso wako, macho yako, na kila sauti inayoingia. Mara nyingi wataka uzungushe kamera uwaoneshe chumba kizima na uweke kitambulisho karibu na uso. Ukivaa nikabu, waandikie mapema uulize utambulisho utafanywaje, na kama anaweza kukuthibitisha msimamizi mwanamke kabla ya mtihani kuanza. Usingoje siku yenyewe. Mpaka hapo wana wajibu wa kukujibu. Dakika ya mtihani, atakayekujibu ni mashine. Waambie pia kuhusu sauti. Programu hizi huweka alama ya shaka ikisikika sauti ya mtu mwingine, na ninyi mnakaa msikiti uko ukuta wa pili na punda wamefungwa chini ya dirisha. Adhana si mtu anayekunong'oneza majibu, ila kompyuta haijui. Na ujue la kufanya umeme au mtandao ukikatika katikati: je, waruhusiwa kurudi, kwa dakika ngapi, na nani wa kumpigia? Chuo kisicho na jibu la swali hilo hakijawahi kuwa na mwanafunzi wa kisiwani. Baadhi ya vyuo hukubali ufanyie mtihani kituoni, mbele ya msimamizi wa kweli, Mombasa au Malindi. Una nauli, lakini una utulivu. Mimi ningechagua kituo.

Sasa lile neno moja. Ithibati.

Jambo hili tulilijua hapa kabla hatujasikia habari ya vyuo vikuu. Mwanafunzi wa Riyadha, chuo chetu cha dini hapa Lamu, akikisoma kitabu mbele ya sheikh wake, hakisomeshi mpaka apewe ijaza, yaani ruhusa ya kukisomesha. Na ijaza ina mnyororo: sheikh wake aliipata kwa nani, na huyo naye kwa nani. Mtu akija na ijaza isiyo na mnyororo, wazee watamkaribisha kahawa na hawatampa darsa. Ithibati ni ijaza ya chuo. Chombo chenye mamlaka ya sheria kimekwenda, kimetazama walimu, mitaala, vitabu na mitihani, kikasema: hawa waruhusiwa kutoa shahada. Kwa Kenya chombo hicho ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Orodha ya vyuo vinavyotambuliwa iko kwenye tovuti yake. Tazama mambo mawili: kwamba chuo kimo, na kwamba kozi yenyewe unayotaka imeidhinishwa. Chuo kizuri chaweza kutangaza kozi ambayo bado haijapita.

Kwa chuo cha ng'ambo unahitaji minyororo miwili. Kwanza kitambuliwe na chombo rasmi cha nchi yake. Pili shahada yake itambuliwe na kulinganishwa hapa. Kazi hiyo ina mamlaka yake, KNQA, ile ya taifa inayoshughulikia sifa za masomo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Waandikie KNQA na CUE kabla ya kujiandikisha, jina la chuo na la kozi, na utunze majibu. Halafu kuna mlango wa tatu ambao ni wako wewe kama mwalimu wa chekechea. Katiba imeziachia kaunti elimu ya awali, kwa hiyo mwajiri wako ni kaunti ikiwa uko shule ya umma, na TSC, tume ya walimu, ndiyo inayosajili walimu. Shahada yaweza kuwa halali kabisa na bado isikupandishe cheo kwa sababu si ya fani waliyoitaka. Hilo liulize kwa mdomo na kwa maandishi.

Tukirudi kwenye ile ya WhatsApp. "Ithibati ya kimataifa" ni maneno matamu yasiyo na mwenyewe. Hakuna baraza la dunia nzima linalotoa ithibati kwa vyuo vikuu vyote. Hata UNESCO haifanyi kazi hiyo. Viwanda vya vyeti hutengeneza na chombo bandia cha kujithibitisha wenyewe, chenye tovuti na nembo ya tai. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiuza vyeti kwa jina la mamia ya shule zilizokuwepo kwenye skrini tu. Tovuti zao zilikuwa na picha za walimu wanaotabasamu. Uzoefu wa maisha ni kitu cha kweli, na kuna utaratibu halali wa kutambua ujuzi ulioupata kazini, ila katika utaratibu huo unatahiniwa: unaleta ushahidi wa kazi yako, unahojiwa, unapimwa. Anayekupa shahada bila kukuuliza swali hata moja amekuuzia karatasi. Na karatasi hiyo ukiiweka kwenye faili la kazi, kesi inakuwa yako.

Basi nifuate lipi, umeuliza. Kwa hali uliyonieleza, chuo cha ng'ambo ningekiweka pembeni kwa sasa, hata kikiwa halali. Kipindi cha usiku wa manane, bando, minyororo miwili ya kuthibitisha, na ada ya fedha za kigeni inayopanda kila dola ikipanda. Ni mzigo mkubwa kwa faida ambayo kaunti huenda isiione. Ningeanza na vyuo vya Kenya vyenye hati, vinavyosomesha elimu ya watoto wadogo kwa mtandao au kwa mseto wa likizo za shule, na ambavyo vitakuhesabia stashahada yako. Mseto wa likizo una ubaya wake, utalipa nauli na kulala nje. Lakini nimeona wanafunzi wa mtandaoni mtupu wakikata tamaa mwaka wa pili kwa upweke tu, hawana hata mmoja wa kumuuliza "wewe swali la tatu umelielewa?" Wale waliokutana ana kwa ana hata wiki mbili huondoka na namba za wenzao, na namba zile huwavusha. Kama mama hawezi kuachwa kabisa, chukua ya mtandaoni, kozi moja muhula wa kwanza, na utafute mwalimu mwenzako wa hapa Lamu mjiandikishe pamoja.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukutatulia kutoka mbali. Nenda idara ya elimu ya kaunti uulize ni shahada ipi inayopandisha cheo, na usitoke bila jina la aliyekujibu. Ukitaka mkopo wa masomo, ule mkopo wa kweli sasa, nenda Huduma Centre uulize habari za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na kama chuo ulichochagua kinastahili. Ukipita Kilifi, ingia Chuo Kikuu cha Pwani uonane na mshauri wa wanafunzi. Kumwonesha mtu matokeo yako ya stashahada uso kwa uso huokoa mwezi wa barua pepe. Na ikiwa ulikwisha kutuma chochote kwa wale wa WhatsApp, hata shilingi mia tano, au nakala ya kitambulisho, usione haya: nenda polisi leo ukiwa na ujumbe wao wote kwenye simu, usifute hata mmoja, na uwaarifu watu wa M-Pesa.

Baba watoto akirudi kutoka baharini, mwandikie ile hesabu kwenye karatasi: kozi moja, saa tisa kwa wiki, wiki kumi na tano. Mwambie hilo ndilo deni lenyewe, na umuulize ni jioni zipi atakazokuwa pwani awalaze watoto yeye. Jibu lake ndilo litakalokwambia uanze na kozi ngapi.